Muhali Si Huruma

Leo tumekuja na neno ambalo kila mmoja wenu analijua, na pengine hata wiki hii limeshakupitia mdomoni: muhali. Ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni jambo gumu, jambo lisilowezekana. Asili yake ni Kiarabu. Lakini sisi wa visiwani tumelipa kazi nyengine. Tukisema "nimeona muhali," hatusemi kwamba jambo lenyewe halikuwezekana. Tunasema kwamba kulikataa ndiko kulikoshindikana, kwa sababu aliyetuomba ni mtu wetu.

Sisi tunaoandika haya ni wanne, marafiki tangu skuli ya msingi. Mmoja wetu ni muuguzi, mmoja mwalimu wa sekondari, mmoja karani katika ofisi ya umma, na wa nne ni fundi cherehani anayeshonea nyumbani, naye ndiye kijumbe wa mchezo wetu wa pesa. Kila tukikutana maneno huanzia kwa watoto na bei ya samaki, na mwisho huishia pale pale: nani kamuomba nani nini, na kajibiwaje. Tumeona bora tuyaweke hapa, maana tunajua na nyinyi yanakufikeni.

Kisiwa ni kidogo

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba. Miji mingine duniani peke yake ina watu zaidi ya hao. Kwa hiyo tunajuana. Ukimtajia mtu jina lako, la pili atakuuliza wewe wa nani, na ukimtajia babu yako, la tatu atakwambia mlivyohusiana.

Kujuana huku ni neema, na hatuandiki hapa kuibeza. Msiba ukitokea, hata maiti haijatoka hospitali, masufuria yameshafika. Bibi harusi hapambwi na mtu mmoja. Mtoto akichelewa kurudi chuoni, mtaa mzima unatoka kumtafuta. Aliyelelewa hivi hajui maana ya kuwa peke yake, na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini kujuana huko huko ndiko kunakotufuata mpaka kazini. Upo dirishani umekaa, unainua uso, mbele yako kasimama mtoto wa mama yako mdogo. Hasemi mengi. Anasema, "Nitazamie basi." Neno hilo "nitazamie" halina madhara ukilisikia, lakini ndani yake mna maombi mengi: nipitishe mbele, niongezee, nifutie, niambie ya fulani, usimwambie fulani yangu.

Muuguzi wetu alitupigia hesabu siku moja. Kliniki ya wajawazito ina kadi arobaini mezani. Anaingia mmoja kwa mlango wa ubavuni, shoga wa dada wa mtu, dakika kumi. Wakiingia watano wa namna hiyo ni dakika hamsini. Mwanamke mwenye kadi ya thelathini, aliyetoka shamba tangu alfajiri, anamaliza gari zimeshaondoka. Anakaa kituoni na tumbo lake na mguu umevimba. Hajui nani kamchukulia saa yake. Anachojua ni kwamba hospitali ile wanachelewesha watu.

Hapo ndipo tulipoanza kuuelewa muhali. Unaonekana kama wema kwa sababu anayeupokea tunamuona, anacheka, anashukuru, anatuombea dua. Anayeulipia hatumuoni. Yuko kituoni.

Maadili yaliyoandikwa

Karibu kila kazi ina maadili yake yaliyoandikwa. Wauguzi wana kiapo kinachoitwa kwa jina la Florence Nightingale, ingawa hakukiandika yeye. Kiliandikwa 1893 mjini Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, aliyekuwa msimamizi wa chuo cha wauguzi. Ndani yake muuguzi huahidi kutunza siri za wagonjwa na mambo ya nyumba zao yatakayomfikia kwa sababu ya kazi. Mwaka 1953 Baraza la Kimataifa la Wauguzi likapitisha maadili yake, na mpaka leo yanaendelea kupitiwa upya. Hapa kwetu, viongozi wa umma wana Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 2015, inayowataka watangaze mali na madeni yao.

Ukiyasoma maadili ya kazi mbalimbali, utaona yanarudia mambo yale yale. Cheo usikitumie kwa faida yako na ya watu wako. Ulichokijua kwa sababu ya kazi, usikitoe nje ya kazi. Na likitokea jambo linalokugusa wewe au jamaa yako, sema mapema, kaa pembeni, mwengine aamue. Hili la tatu wenyewe huliita mgongano wa maslahi. Jina lina uzito lakini maana yake hata mtoto anaijua: huwezi kuwa refa kwenye mechi anayocheza mwanao.

Wapo wanaosema maadili haya ni mambo ya watu wasiojali udugu. Sisi tunaona kinyume chake. Yameandikwa kwa sababu kila mtu ana ndugu. Asingekuwa nao, ya nini kuandika?

Mwalimu wetu alikuwa na mtoto wa dada yake darasani. Wakati wa mitihani ya muhula alimfuata mwalimu mkuu, akamueleza uhusiano wao, na karatasi ya mtoto yule ikasahihishwa na mwalimu mwengine. Ikarudi na alama 46. Dada mtu aliuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwepo?" Kisha akanyamaza mwezi mzima. Tuliokuwa karibu tuliona jinsi ukimya ule ulivyomuuma mwenzetu. Maadili yana gharama, na anayekwambia hayana hajawahi kuyafuata mbele ya dada yake. Mtoto mwenyewe lakini alianza kwenda masomo ya jioni, kwa sababu 46 ile ilimwambia kweli ambayo 60 ya kupewa isingemwambia.

Siri ya mtu

Katika yote haya, muuguzi wetu anasema siri ndiyo ngumu zaidi. Pesa ukiombwa unaweza kusema huna. Habari huwezi kusema huna, kwa sababu mwenye kuuliza anajua unazo.

Alimjia mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye mwanawe alikuwa anataka kuposa. Alisikia binti anayeposwa alionekana kliniki. Akasema, "Sikwambii uniambie mwanangu. Nitikisie kichwa tu." Mwenzetu akamjibu kwa adabu: "Mama yangu, ninaowaona kule nawasahau nikivua sare. Na wewe siku ukija nitakusahau hivyo hivyo." Mama yule alikasirika. Lakini miezi mingi baadaye alipopata maradhi yake ambayo hakutaka hata wakweze wayajue, alikwenda kwa nani? Alimuulizia yule yule.

Msidhani hili ni jambo dogo. Tunawajua wanawake wanaopanda gari kwenda kituo cha afya cha wilaya nyengine. Siyo kwamba cha kwao hakina dawa. Anayekaa pale ni wifi wa jirani, na jirani ana mdomo. Na tunamjua mmoja ambaye hakwenda popote. Alikuwa na uvimbe kwenye ziwa, akakaa nao miezi minane, kwa sababu kila alipofikiria kuvua nguo alimfikiria na atakayemvulia, na nani atakuwa ameshajua kabla ya adhana ya magharibi. Alhamdulillahi bado tunaye. Lakini matibabu yake yamekuwa marefu na mazito kuliko ambavyo yangekuwa. Uvimbe haukumchelewesha. Alichelewa kwa kuogopa maneno.

Kwa hiyo kila siri moja inayotoka kliniki haimvunji mtu mmoja. Inawafungia mlango wanawake wengine ambao hata hawajaugua bado.

Nyumbani nako kuna kiapo

Baadhi yenu mtasema, mimi sina ofisi, hayo maadili yananihusu nini? Tunakurudisheni kwa bibi zetu. Somo au kungwi anayemfunda mwari hajawahi kusaini karatasi yoyote. Lakini yanayosemwa chumbani mle yanabaki mle. Ataulizwa na mama wa bibi harusi, ataulizwa na mawifi, na atawajibu kwa mzaha mpaka wachoke. Somo aliyetoa siri ya mwari haitwi tena. Hayo ni maadili ya kazi, yalikuwepo kabla ya vyuo vya wauguzi kufika hapa.

Na mchezo wetu wa pesa je? Tupo kumi na wawili, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, mwenye zamu anapokea 600,000. Zamu tunapanga kwa kura, vikaratasi kwenye bakuli. Kijumbe hana haki ya kuzibadilisha. Mwaka jana dada yake wa tumbo moja aliangukia zamu ya tisa, na harusi ya bintiye ilikuwa mwezi wa nne. Akaja kwa machozi: "Nipe ya nne, yule mwenye ya nne hana shida yoyote." Kijumbe wetu akamwambia, "Ya nne si yangu, siwezi kukupa. Mimi nina ya tatu. Chukua yangu, mimi nitasubiri ya tisa." Akawatangazia wote kwenye kikao, wakakubali, na cherehani aliyotaka kununua akaisubiri miezi sita zaidi.

Tangu siku ile hatujahitaji kitabu cha kutufafanulia tofauti ya huruma na muhali. Huruma hutoa kilicho chako. Muhali hutoa cha mwenzio. Kama ninachompa mtu wangu ni wakati wangu, pesa yangu, zamu yangu, usingizi wangu, hiyo ni huruma na ina malipo kwa Mungu. Kama ninachompa ni zamu ya mwanamke wa kadi ya thelathini, au alama za mtoto aliyesoma usiku kucha, au siri ya binti wa watu, basi nimegawa nisichokimiliki, na shukrani ninazopewa si zangu.

Muhali unapomfikia mtoto

Sasa tuseme lile zito. Visiwani kwetu muhali haujafanya ubaya mahali popote kama katika kesi za udhalilishaji wa watoto.

Jirani yetu mmoja aligundua kwamba mwanawe wa miaka tisa ameharibiwa, na aliyefanya ni mtu wa nyumba, upande wa baba. Kabla ya jua kuzama wazee wa pande zote mbili walikuwa barazani. Hakuna aliyesema ni uongo. Walisema, tuyamalize ndani. Walisema, utamfunga ami yake? Walisema, jina la mtoto litakuwaje, nani atamuoa? Yakatajwa mapesa, na yakatajwa matibabu kwa siri. Wote ni watu waliompokea alipoolewa, waliomshikia mtoto huyo huyo siku ya arubaini.

Mama yule alimchukua mwanawe usiku ule ule, bila kumuosha wala kumbadilisha nguo, akampeleka kituo cha Mkono kwa Mkono. Kwa wasiokijua, ni kituo cha hospitali ambacho polisi, daktari na mshauri wote wapo pamoja, ili mtoto asizungushwe kusimulia yale yale ofisi tano. Daktari aliyemkagua alikuwa amesoma skuli moja na mtuhumiwa. Aliandika alichokiona. Hakuongeza, hakupunguza. Karatasi ile ndiyo iliyosimama mahakamani wakati watu walipokuwa wanakaa chini mmoja mmoja.

Maana walikaa. Kesi hizi hazifi kwa kukosa sheria. Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2011, na mahakama maalumu za udhalilishaji zipo. Nyingi hufa kwa sababu shahidi hakutokea. Ameona muhali. Wawili wetu tulifuatana na mama yule mara saba, tukibeba chupa ya chai na maandazi, kwa sababu kuahirishwa ni kwingi na benchi ni gumu. Hukumu ilitoka na mtu yule amefungwa. Upande wa mumewe hawaji tena Sikukuu. Mtoto anakwenda skuli na ameanza tena kucheka.

Na hapa mtu asichanganye. Tumesema juu kwamba siri itunzwe, na sasa tunasema ifichuliwe. Mizani yake ni nyepesi: siri humlinda mwenye siri, muhali humlinda mkosaji. Jina la mtoto yule mpaka leo halijatoka kinywani mwetu, na halitatoka. La aliyemharibu lilipelekwa panapohusika.

Na dini inasemaje

Wengi wetu huuvika muhali kanzu ya dini. Tunasema tunaunga udugu. Lakini kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum sote tulifundishwa chuoni. Alikuwa wa ukoo mkubwa wa Makka, akaiba, na jamaa zake wakaona aibu. Wakamtafuta mtu wa kumuombea kwa Mtume (S.A.W.), wakamtuma Usama bin Zaid kwa sababu walijua anapendwa. Huo ndio muhali wenyewe, kumtuma mtu ambaye hawezi kukataliwa. Na alikataliwa. Mtume aliwaeleza watu kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumuachia mkubwa na kumuadhibu mnyonge, na kwamba hata binti yake mwenyewe asingemuachia.

Na Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuagiza tusimamie uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Jamaa wametajwa wazi. Kuunga udugu ni kumtembelea ndugu, kumlisha, kumuuguza, kumlipia deni ukiweza. Kumpa haki ya mtu mwengine hakumo.

Tunavyojibu sisi

Karani wetu ndiye anayeombwa zaidi, na ametufundisha mambo matatu.

La kwanza, asijibu kwa kuzungusha. "Nitaangalia" na "njoo kesho" ni majibu ya muhali, yanamchosha muombaji na kumpa tamaa. Yeye husema, "Hilo siwezi dada yangu, si langu," kisha anamuuliza watoto hawajambo. Kukataa jambo si kumkataa mtu.

La pili, atafute kilicho chake atoe. Hawezi kumpitisha mjomba mbele ya foleni, lakini anaweza kumwambia jioni yake aje na karatasi gani ili asirudishwe. Anaweza kumjazia fomu bibi asiyeona vizuri, wakati wake wa mapumziko, na akamfanyia hivyo hivyo na bibi asiyemjua.

La tatu, na hili linatuhusu sote, tusiwatie wenzetu kwenye muhali. Tunapenda kuwalaumu waliopo madirishani. Lakini kila mlango wa ubavuni unafunguliwa na watu wawili, mmoja ndani, mmoja nje. Ukimpenda kweli mtoto wa mama yako mdogo aliyepata kazi, usiende kumuomba kitu ambacho akikutoa atakuwa amevunja kiapo chake. Siku utakapofika pale, chukua kadi yako, kaa kwenye benchi, na akikuona akainuka kukuita, mtikisie kichwa. Muoneshe na mwanamke aliyekaa kabla yako.

Mungu atupe nguvu ya kusema "si langu" kwa ulimi laini, na atupe riziki pana ya kutoa kilicho chetu. Amin.